Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Katiba ya chama chetu, kinachojifunza kwa mbwa mwitu uteuzi asilia (yaani wenye sifa zinazofaa mazingira huishi na kuzaa zaidi), inanitaka nitoe taarifa ya mwaka, nami nitajitahidi kuwa mfupi, ingawa najua mwaka jana pia niliahidi hivyo.

Shughuli za kawaida mnazijua. Vikao vya masomo vilifanyika 9 kati ya 12 vilivyopangwa. Tulipitia habari za mbwa mwitu wa Yellowstone, hifadhi ya taifa ya Marekani, wa Skandinavia, wa Meksiko ambao wote walio hai leo ni uzao wa wazazi 7 tu, na wa Ethiopia ambao waliokomaa hawafiki 500. Kikao kimoja kizima kiliishia kwenye ubishi wa jina, kwamba Kiswahili kinamwita "mbwa mwitu" huyu wa nchi za baridi na pia yule wa madoadoa wa Afrika, ilhali si jamaa wa karibu. Hoja ni ya kweli. Lakini saa mbili?

Kikao cha Yellowstone nilikiongoza mwenyewe, na nasikia kilipendwa. Kwa faida ya ambao hawakufika, na ni wengi: mbwa mwitu 31 walipelekwa kule kutoka Kanada mwaka 1995 na 1996, na baadhi yao ni weusi. Weusi huo unatokana na jeni iliyoingia zamani kwa kuchanganyika na mbwa wa kufugwa. Mwenye nakala moja ya jeni hiyo huishi vizuri, hasa unapopita ugonjwa wa distempa, maradhi ya virusi yanayowapata mbwa na jamaa zao. Mwenye nakala mbili ni mweusi vilevile, ila maisha yake huwa mafupi. Na pale ambapo ugonjwa huo hupita mara kwa mara, mbwa mwitu huelekea kuchukua mwenza wa rangi isiyo yao. Uteuzi asilia unaonekana kwa macho, kwenye manyoya, nami nilikuwa nauonyesha kwa viti vitupu.

Maana mahudhurio, ndugu zangu, yanasikitisha. Tuko 46 kwenye daftari. Wastani wa kikao ulikuwa watu 11. Waliolipa ada ni 19, na 4 kati yao baada ya kupigiwa simu zaidi ya mara mbili. Mweka Hazina ameniomba nisitaje majina, nami nimemheshimu. Maelezo mengine yamo kwenye taarifa yake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta baadhi yenu leo, kwa kuwa nyuso nyingine sijaziona tangu mkutano mkuu uliopita.

Kamati, chini ya uenyekiti wangu, ilitoa kijarida kwa jina la chama kikisema kwamba ilikuwa sahihi kupeleka mbwa mwitu wapya katika kisiwa cha Isle Royale, huko Marekani. Nimepokea barua 3. Ya kwanza yasema sikuwa na mamlaka. Ya pili yasema chama kinachojifunza uteuzi asilia hakiwezi kushangilia binadamu anapouingilia. Ya tatu sitaisoma mbele ya watu.

Kuhusu mamlaka: katiba inairuhusu kamati kuamua pale mkutano ulioitishwa ipasavyo unapokosa akidi. Tuliuitisha mara 3 na mara 3 akidi haikutimia. Aliyeandika barua ya kwanza hakuwepo hata mara moja.

Barua ya pili ni ya mtu makini, na inastahili jibu. Isle Royale ni kisiwa ndani ya Ziwa Superior. Mbwa mwitu walifika huko mwishoni mwa miaka ya 1940 wakitembea juu ya barafu, na watafiti wanawafuatilia tangu 1958. (Toleo la kwanza la kijarida lilisema walifika 1958. Lilikuwa kosa la uchapaji.) Mwaka 1980 walikuwa 50. Kisha virusi vya parvo, ugonjwa wa mbwa wa kufugwa, vikaingia, na kufikia 1982 walibaki 14. Mwandishi wetu anauita huo mwendo wa asili. Sasa mbwa wa watu naye ni asili?

Lakini kiini cha hoja yake ni kwamba wanyonge wafe, wenye nguvu wabaki, na kundi litajisafisha. Ni kweli kwa kundi kubwa. Katika kundi dogo, bahati nasibu huwa na nguvu kuliko uteuzi. Jeni nzuri hupotea kwa sababu tu mwenye nayo alizama kwenye barafu, na jeni mbovu iliyojificha kwa vizazi hujitokeza ndugu wanapozaana, kwani mtoto huipokea pande zote mbili. Kisiwani kule watafiti walikuta kasoro za uti wa mgongo kwa kiwango kisicho cha kawaida. Uteuzi huchagua katika kilichopo. Kama kilichopo kimekwisha, utachagua nini?

Nilijibiwa kwa mfano wa Skandinavia, kwamba kule waliofanikiwa kuzaa walikuwa hasa wale wenye jeni mchanganyiko zaidi, basi asili inajitosheleza. Mfano huo niliuleta mimi, kikao cha nne. Kundi lile lilianza kwa jozi moja iliyozaa mwaka 1983, likadumaa chini ya 10 hadi dume mgeni alipowasili mwanzoni mwa miaka ya 1990, ndipo likaanza kuongezeka kwa kasi. Yeye alikuja kwa miguu yake. Kisiwani mgeni huhitaji barafu, na barafu ya ziwa lile siku hizi haigandi kama zamani.

Mgeni wa mwisho aliyeleta mabadiliko kisiwani alivuka mwaka 1997. Alizaa sana, na uzao wake ulistawi. Hapa nakiri kwamba kijarida kilimsifu kupita kiasi. Baada ya vizazi vichache zaidi ya nusu ya jeni za kisiwa zilikuwa zake, na kuzaana kwa ndugu kukarudi pale pale. Kufikia 2016 walibaki wawili: baba na binti yake, ambao pia walikuwa ndugu wa mama mmoja. Hawakuacha mtoto aliyeishi. Kulungu wakubwa wenye pembe pana wakaongezeka, wakila miche ya kisiwa bila wa kuwapunguza. Kati ya 2018 na 2019 wakapelekwa mbwa mwitu 19 kutoka maeneo mbalimbali ya jirani, na sasa wanazaa. Je, 19 watatosha milele? Kwa kisiwa cha ukubwa ule, sidhani, na kama mwandishi wa barua anataka kuniandikia juu ya hilo nitampokea.

Kijarida sikifuti. Mkitaka kukipigia kura leo, kwanza Katibu ahesabu waliopo.

Mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kuendelea na mbwa mwitu wa Ethiopia na kichaa cha mbwa, kuboresha maktaba, na pengine kualika mgeni wa kuzungumza. Atakayekuwa amekaa na daftari la michoro ya nasaba, lililochukuliwa baada ya kikao cha sita, alirudishe. Kuna kurasa nilizochora kwa mkono wangu.

Nafasi ya mwenyekiti inagombewa chini ya ajenda ya 7. Nimeombwa nigombee tena.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti