Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa sindano, leso kuukuu na kofia

Assalamu alaikum mama zangu, dada zangu, na nyinyi wasichana mulioingia chama chetu cha ushonaji hapa Amu, Lamu yetu hii, mwaka huu mukatuletea kelele na ujana. Naandika hii taarifa kwa simu kwa hivyo munisamehe kama maneno yamerukana, katibu alitaka niiandike kirasmi na vichwa vya habari na namba namba, nikamwambia sisi ni watu wa sindano si watu wa kaunti, nitaandika vile ninavyoongea na mwenye swali atauliza kikaoni.

Pesa nazimaliza hapa hapa mwanzo. Mweka hazina atawasomea hesabu mwenyewe, risiti ziko, chama hakidaiwi na mtu, na wanaodaiwa na chama ni wale ambao ada yao bado, na mwajijua.

Sasa tuingie kwenye mambo matamu. Tulipokubaliana kwamba mbali na kofia tujaribu na kwilti, yale matandiko ya kuunga viraka, mume wa mwenzetu mmoja alitukuta dakani, pale kwenye kibaraza cha mlangoni, na viraka vyetu akauliza, hivi nyinyi kwa joto hili la Amu mwataka kujifunika blanketi mukafe? Tulicheka lakini alikuwa na haki yake. Zile kwilti tunazoziona kwenye simu zina tabaka tatu, juu viraka, chini bitana, katikati pamba nene, hizo ni za watu wa baridi na theluji, sisi pamba tumeitoa kabisa. Kwilti yetu ni leso juu, leso chini, na katikati shuka kuukuu iliyofuliwa miaka mpaka ikawa laini, basi. Ikishapigwa bandi kote, ile mishono ya mkono ya kupitisha sindano juu chini, inapata uzito wa kutosha isipeperushwe na feni, na ikifika miezi ya kusi, Juni hivi mpaka Agosti, umelala ghorofani chini ya paa la makuti na upepo wa bahari unaingia kila upande, wallahi utamtafuta yule mzee umuonyeshe. Wengine wameshona ndogo za watoto wachanga, wengine za kutandika barazani wageni wakija. Kuna mwenzetu alijaribu kutia pamba ya msufi katikati, yote iliteleza ikakusanyika pembe moja kwilti ikawa ina kibyongo, pamba ile iachieni mito.

Kwa waliokosa vikao vya mwanzo narudia yale ya lazima, maana kila wiki naulizwa. Leso mpya ioshwe kwanza peke yake, nyekundu haswa, irudiwe mpaka maji yatoke safi, na usiishone pamoja na kuukuu kabla haijaingia maji, sababu ukija kuifua baadaye ile mpya inanywea na ile kuukuu ilishamaliza kunywea zamani, basi mpya itawavuta jirani zake na kwilti nzima itakunjamana. Unganisha viraka ukiacha robo inchi ya mshono kila upande, ukiwa na uchoyo ukaacha kidogo kuliko hapo itafumuka ikifuliwa. Tabaka zikishapangwa piga bandi kubwa kubwa za kushikilia kwanza, ukianzia katikati ukitoka nje, ndio nguo isije ikafanya uvimbe. Uzi usizidi kutoka ncha ya vidole mpaka kiwiko, najua mwapenda uzi mrefu ili musichoke kutunga sindano, lakini uzi mrefu unajisokota na kuchakaa kabla haujafika mwisho, upitishe kwenye nta ya nyuki kidogo utaona utakavyotulia. Fundo la mwanzo livute taratibu liingie ndani baina ya tabaka lijifiche huko. Na sindano ni fupi na nyembamba, dukani mukumbuke namba ikipanda sindano inapungua, namba 10 ni ndogo kuliko namba 7, tumeshapata watu waliorudi na misumari. Kastabani ni ya kidole cha kati, sio ya kuweka kwenye sahani.

Kisha kuna watu ambao hayo ya kuanzia katikati wanayafanya kinyume na wanatoka vizuri kuliko sisi. Huko India jimbo la Karnataka kuna Wasiddi, watu ambao mababu zao walitoka Afrika, wengi walipelekwa kama watumwa, wengine wakipitishwa Goa kwa Wareno, na kuna waliotoroka wakaingia misituni wakakaa huko. Wanawake wao wanashona kwilti zinaitwa kawandi. Wanatandika sari kuukuu chini, wanaanza ukingoni, wanaweka kiraka wamekunja makali yake ndani na kukipiga bandi, wanaweka kingine, wanazunguka hivyo hivyo pande zote nne wakiingia ndani mzunguko kwa mzunguko mpaka wakutane katikati. Hakuna rula, hakuna dizaini iliyochorwa, kiraka kinachofuata ni kile kilichoko mkononi. Na mwisho kwenye zile pembe wanashona vitambaa vidogo vilivyokunjwa pembetatu vinavyoitwa phula, ni maua yake hayo, na kwao kawandi isiyokuwa na phula iko uchi haijavaa. Siku tulipoangalia picha zake pamoja bi mkubwa wetu wa mtaa wa Langoni aliivuta simu karibu na miwani yake akasema, "hawa ni wetu hawa, angaliani hiyo mikono." Mimi sitaki tuanze kudai ni ndugu wa mtaa gani wa Lamu, ila nakubali tangu siku hiyo nusu ya chama imeacha kupima, wanaanzia ukingoni na leso zao na wanafurahi, na kusema kweli kazi zao zina uhai kuliko zetu sisi wa rula. Mimi mwenyewe bado ni wa rula. Kila mtu na ugonjwa wake.

Na kwa yule dada aliyesema kikaoni kwamba kuunga viraka si asili yetu ni mambo ya kuiga, nataka nimkumbushe ile hadithi ya wazee kuhusu leso yenyewe, kwamba karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vile vitambaa vya mraba vya mkononi vilivyokuja havijakatwa kwenye gora moja, wakavikata na kuviunganisha sita, tatu juu tatu chini, ndio wakapata nguo moja ya kujifunga, na wafanyabiashara walipoona hivyo ndio wakaanza kuchapisha leso nzima. Kwa hivyo kabla leso haijawa leso ilikuwa viraka.

Sasa, majina ya leso. Hapa chama kiligawanyika na bado. Ukikata leso kwa kwilti una pindo la kuzunguka, una mji pale katikati, na una jina, yale maneno yaliyoandikwa, na jina ndilo linalowapa watu taabu, ukilikata katikati unabaki na nusu ya maneno, ukiliacha zima linakusumbua kwa urefu. Wengine wanalitupa. Mimi hapo sikubaliani kabisa, kutupa jina ni kutupa roho ya leso. Mwenzetu wa mtaa wa Mkomani alikusanya majina matupu miaka na mikaka, ya leso zake, za mamake na za mashangazi, akayapanga mistari mistari kwilti nzima hakuna ua, "Wema hauozi" juu ya "Hasidi hana sababu", pembeni "Japo sipati tamaa sikati", kisha akamaliza na "Usisafirie nyota ya mwenzio". Ameitandika kwenye kiti chake cha wageni. Mawifi zake wakija wanakaa wanasoma, wanasoma tena, hakuna anayeuliza ni nani anayeambiwa, chai inanywewa kwa adabu. Hiyo kwa maoni yangu ndiyo kazi bora ya mwaka na nimesema.

Kofia nazo hatukuziacha, maana mtu wa Amu akiacha kofia atabaki na nini. Wasichana tuliowapokea wengi walianza na kofia ya vito, na vito ndivyo vinavyowakimbiza, yale matundu madogo madogo kila moja unalizungushia uzi peke yake, na kofia nzuri ina mengi mno, inachukua miezi ukiwa na nyumba na watoto. Kwa wanaoanza tumeona miezi ya kaskazi ni migumu, jua kali, mkono unatoka jasho na kitambaa ni cheupe, kila ukiinuka unaona alama ya kidole, tukawaambia oga, nawa, paka poda mkononi, shona alfajiri au baada ya alasiri, na uchafu utakaobaki usiwakate tamaa kwa sababu kofia mwisho itafuliwa na kutiwa wanga ndipo isimame. Sasa hivi wanne kati yao wana kofia zinazovalika Idi bila aibu na mmoja, simtaji asije akavimba kichwa, ana mkono ambao bi mkubwa mwenyewe alinyamaza alipouona, na kumnyamazisha bi mkubwa si kazi ndogo. Dalali wa kofia ni mjadala wa siku nyingine, nikianza sitamaliza.

Naja kwa lile jambo la oda. Mwajua kuna hoteli iliona kazi zetu ikataka foronya na kwilti ndogo za vitanda, zote saizi moja, rangi mbili tu buluu na nyeupe, na tarehe ya kumaliza. Tulikubali kwa kura, na mimi nilipiga kura ya ndio sasa sina wa kumlaumu. Pesa ilikuja, ingawa kwa kuchelewa na kwa simu nyingi za kukumbusha. Lakini munakumbuka miezi ile ilivyokuwa? Vikao vilikuwa kimya, watu wanahesabu mishono, mtu anafumua kazi ya mwenzake kwa sababu bandi zake ni kubwa kidogo, kuna waliokuwa wanashona usiku kwa tochi ya simu mpaka mato yanatoka maji, na kuna wawili ambao hawakusemeshana mpaka Maulidi. Hakuna aliyeleta hadithi. Hakuna aliyeleta hata kaimati. Oda ilipoisha ilipita muda kabla ya mtu kushika sindano nyumbani kwake kwa hamu yake mwenyewe, na hapo ndipo nilipoona tumepoteza kitu ambacho hakiko kwenye kile kitabu cha mweka hazina.

Kwa hivyo msimamo wangu, na mutaupigia kura, ni kwamba mwanachama yeyote anayetaka kuchukua oda achukue kwa jina lake na Mungu ambariki, ila chama kama chama kisichukue oda ya tarehe tena. Hiki chama hatukukiunda kwa sababu ya hoteli. Tulikiunda kwa sababu mtu akimaliza kupika na kufua anataka saa moja ambayo mikono inafanya kitu kizuri na masikio yako huru, asikilize redio, asikilize Qur'an, asikilize umbea wa jirani kupitia dirishani, na stima ikikatika, na hukatika, sindano haijui, sogea karibu na daka au dirisha uendelee. Kazi hii inaingia kwenye kikapu, umekaa foleni hospitali unashona, uko kwenye boti unavuka kwenda Mokowe, ng'ambo bara, unashona ukiwa na moyo wa kutosha, na ukiiweka wiki tatu hukuigusa inakungoja pale pale ulipoichomeka sindano, hainuni. Mtu akiniuliza faida yake nitamwambia ni hiyo.

La cherehani linafuatana na hilo. Ombi la kununua cherehani ya chama lilikuja mara mbili, na mimi sina ugomvi na mashini, ninayo nyumbani, natumia kwa mapazia na sare za shule, na mwenye kutaka kuunga viraka virefu kwa mashini kisha apige bandi za mkono juu aendelee tu. Lakini tukiiweka kikaoni itakula meza, itakula kelele, na watu watakaa kuisubiri zamu yake badala ya kukaa na kazi zao. Bora pesa hiyo tununue miwani ya kusomea ya namba tofauti tofauti ikae kwenye boksi la chama, maana nusu yetu tunashona kwa kubahatisha na tunaona haya kusema.

Uzi na vitambaa umebaki ule ule mwendo wa kuagiza Mombasa, Biashara Street, kwa basi kisha boti, na rangi ukiitaka ya kijani kikavu inakuja ya majani. Wenye kusafiri watoe taarifa mapema tuwape sampuli ya uzi mkononi, musiende na jina la rangi peke yake.

Mwaka ujao kuna matatu tu. Kwanza wenzetu wa Malindi wanaoshona wametualika, twende wakati bahari imetulia na barabara ni salama, kila mtu abebe kazi moja isiyokwisha tukamalizie huko. La pili ni maonyesho, nimeanza kuuliza kama tutapata nafasi pale Ngomeni, kwenye ile ngome ya mjini kwetu, tutundike kwilti zote, pamoja na ile ya majina, mwenyewe akikubali kuiachia siku mbili. La tatu ni uchaguzi. Mimi nimekaa kiti hiki vya kutosha na natamani mtu mwingine apigiwe simu na watu wa foronya, kwa hivyo mwenye nia ajitokeze, na tafadhali asiwe mtu wa rula tena.

Mwisho ni mkasi mkubwa wa chama, ule wa mpini mweusi wa nguo. Haujaonekana tangu kikao cha kabla ya Ramadhani. Aliyenao aurudishe Jumamosi auweke mezani aende zake hakuna atakayemuuliza, isipokuwa kama ameukatia karatasi, hapo nitauliza.