Swahiba, njoo unikasirishie huyu mtoto

Mtwara, Magomeni
Novemba

Swahiba,

Assalaam aleikum. Najua nimekaa kimya, nawe umekaa kimya, kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze. Tangu tulipomzika Mwalimu wetu wa ngumi hatujakaa tukazungumza yakaisha. Lile la Masasi tuliache, lina siku yake. Huku wote wazima. Mvua bado inatishia tu, watu wanamalizia korosho, na ukikaa kijiweni husikii jingine ila mnada na bei. Mama watoto anakusalimu sana. Nimempa kondakta mfuko, ndani mna korosho kilo mbili za kubangua nyumbani, na ming'oko. Ming'oko uipike siku hiyo hiyo, usiiache ikakauka kama ile ya mwaka juzi.

Nilitaka kukurekodia sauti. Nimejaribu mara tatu, kila nikifika katikati hasira zinapanda, nafuta. Ndiyo maana nimekaa barazani na kalamu.

Jambo lenyewe ni Dogo. Amepata pambano la ngumi la tarehe 26 Desemba, Dar, raundi kumi. Na mpinzani ni Mzee wako, yule uliyepigana naye. Ndiyo, huyo huyo.

Kabla hujanigombeza: Dogo mwenyewe alilitaka, na hela si mbaya, mama yake anaweza kuezeka ile nyumba. Na kwa mikono tu, kwa pumzi tu, Dogo anampiga yule mtu. Nasema hivi nikiwa na akili zangu timamu. Ana miaka 22, mwenzake 39. Mkono wa kushoto wa Dogo unarudi usoni kabla hujauona ulivyotoka. Lakini pambano limeshaanza, swahiba, na mpaka leo tunapigwa sisi.

Siku ya kuwatambulisha mbele ya waandishi tulifika mapema, Dogo amekariri tambo zake. Mzee akaja amechelewa dakika arobaini, kanzu nyeupe, amenyoa vizuri. Akampa mkono kila mtu, promota, waandishi, mpaka mlinzi wa mlangoni. Ila Dogo, Mzee alimpita kama anapita kiti. Zamu yake ya kusema ilipofika hakutamba hata neno. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa plastiki, akatoa paketi ya maziwa, akachomeka mrija, akamwekea Dogo mbele yake. "Kunywa, mwanangu. Mtwara ni mbali."

Ukumbi mzima ukacheka. Dogo akaipiga ile paketi, maziwa yakamwagika kwenye kanzu. Mzee akatoa leso, akaanza kujifuta polepole, anaanzia kifuani anashuka. Mimi nilikuwa namtazama macho. Hayakuwa macho ya mtu aliyechafuliwa nguo. Yalikuwa ya mtu aliyehesabu chenji yake akaikuta kamili.

Halafu wiki iliyopita akafanya lililoniondolea usingizi. Sijui nani kampa namba, akampigia mama yake Dogo pale Feri, asubuhi, dada yuko na beseni lake la samaki. Kwa adabu kabisa. "Dada yangu, na mimi nina watoto. Mwombee mwanao. Nitajitahidi nisimuumize sana." Basi. Akakata. Dada akamwachia jirani beseni, akaja kwangu analia, mikono bado ina magamba, anataka nivunje mkataba. Dogo alipoambiwa hakusema kitu. Alikwenda kwenye begi la mazoezi akapiga mpaka nikamshika mikono kwa nguvu, na bandeji ya kulia ilikuwa imeloa damu.

Zamani nilikuwa nikikaa nje ya jimu namsikiliza tu. Moja. Moja, mbili. Kimya kidogo, anazunguka. Moja. Hata ukifumba macho unajua amesimama wapi. Sasa ni kishindo kimoja kisichokatika, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba inayoungua. Kila ngumi ni kubwa, kila ngumi inatokea nyuma ya bega. Hapigi begi tena yule, anampiga Mzee. Na Mzee hilo ndilo alilolinunua kwa paketi moja ya maziwa.

Naujua ugonjwa huu kwa sababu niliuugua, na wewe ndiye uliyenishikia ndoo. Lindi, mwaka ule Daraja la Mkapa lilipofunguliwa, 2003. Yule bwana niliyepigana naye, si huyu Mzee, alikuwa na miaka 36, kipara, na kitambi kidogo. Siku ya kupima uzito alinikamata mkono hapa juu akaubonyeza, kama anayechagua kuku, akageuka kumwambia mtu wake, "Huyu raundi ya nne." Mimi hakuniambia chochote. Nikaingia ulingoni nataka kummaliza ya kwanza.

Unakumbuka alivyokuwa akikumbatia? Wewe uliona kwa nje, ngoja nikwambie kwa ndani. Kiganja chake cha kushoto kinaingia kwenye kunjo la kiwiko changu, mkono wangu unakufa pale pale. Paji la uso linakuja chini ya kidevu changu. Halafu anaachia uzito wote, kilo zake zote nazibeba mimi, na yeye ndiye anayepumzika. Refa akija upande wa kulia, yeye anafanya kazi upande wa kushoto. Akitenganishwa, mguu wake umekanyaga wangu wa mbele, nikitaka kurudi nyuma nayumba, ngumi inanikuta nayumba. Dakika mbili na nusu anazunguka tu na kugusa. Sekunde thelathini za mwisho ndipo anapomwaga ngumi, majaji wanakwenda kuandika wakiwa na hizo machoni. Na kila kengele ikilia yuko karibu na kigoda chake, anakaa, mimi navuka ulingo mzima.

Raundi ya nne nilikuwa napumulia mdomo. Akanikumbatia, akanisogelea sikioni, "Si nilisema?" Tangu hapo sikupigana, nilikuwa nangoja kuanguka. Sikuanguka, nilishindwa kwa pointi, lakini zile raundi mbili zilizobaki hazikuwa zangu. Baada ya pambano ulikuwa umekwenda kutafuta barafu, yeye ndiye aliyenifungua glavu. Alifungua kamba moja moja, taratibu, kama anayemvua mtoto viatu. Sikumchukia na leo simchukii. Ule si wizi, swahiba. Ni ufundi, na aliufanyia kazi miaka mingi kabla yangu. Ninachotaka ni mtoto wetu asiujifunzie ulingoni siku yenyewe.

Nimejaribu video. Jioni tunakaa watatu, mimi na Dogo na mdogo wangu mwenye simu kubwa. Nikaanza na Kinshasa, 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman. Foreman ana miaka 25, mapambano 40, hajapoteza hata moja, 37 amemaliza kwa KO, mpinzani hakuweza kuendelea. Joe Frazier alikuwa amemwangusha yeye Foreman, mara sita katika raundi mbili. Ali ana 32, watu wanamhurumia. Na angalia alivyoanza kabla hata ya kamba: miezi yote anatangaza atacheza, atakimbia, Foreman akafanya mazoezi ya kumkatia njia mtu anayekimbia. Kengele ya kwanza, Ali anafungua kwa mkono wa kulia mtupu, bila kutanguliza kushoto. Ngumi hiyo humpigi bondia wa kweli ila kama unamdharau. Foreman akachafukwa. Kuanzia ya pili Ali anaegemea kamba, anafunika uso, anavuta shingo ya mwenzake chini, na anaongea, anaongea, anamuuliza kama hizo ndizo ngumi alizoambiwa. Uwanja mzima unaimba amuue, saa kumi alfajiri. Raundi ya nane jitu lile likaanguka kama mnazi.

Unajua Dogo alisema nini? "Kocha, mimi si Foreman. Mimi sichoki."

Swahiba, neno hilo Foreman naye angelisema. Aliyekuwa hachoki ni yeye.

Nikamwonyesha kwamba Foreman mwenyewe alilipa lile somo ada miaka ishirini ndipo akalitumia. 5 Novemba 1994, Las Vegas, ana miaka 45, Moorer ana 26 na ndiye bingwa. Babu kavaa bukta ile ile nyekundu ya Kinshasa. Kadi zote tatu za majaji anashindwa, uso umevimba, wala hana haraka. Anakula ngumi, anasogea kidogo, anarusha za kumzoesha. Raundi ya kumi, kulia moja fupi, kijana yuko chini. Dogo akasema yule Moorer alizembea. Nikanyamaza.

Nikamwekea mabondia Bernard Hopkins na Félix Trinidad, kwa sababu ya maziwa. Hopkins aliitupa chini bendera ya Puerto Rico New York, kisha akaitupa tena San Juan kwenyewe, kwao Trinidad, mpaka akakimbizwa na umati. Watu wakasema ana wazimu. Halafu Septemba 2001 wakaingia ulingoni: Trinidad miaka 28, hajawahi kupigwa, Hopkins 36. Aliyekuwa ametulia ni nani? Yule yule aliyekimbizwa. Jebu, ile ngumi ya haraka ya mkono wa mbele, hatua, jebu, hatua, mpaka akammaliza raundi ya 12. Na miaka kumi baadaye, ana 46, anamsubiri Pascal aamke kwenye kigoda kuanza raundi ya saba, anapiga pushapu katikati ya ulingo Montreal! Dogo hapo alicheka. Kucheka kwenyewe nilikufurahia, maana ni wiki mbili sijamwona meno.

Lakini kilichomgusa ni Sugar Ray Leonard na Roberto Durán. Juni 1980, Durán anamtukana mwenzake kila wanapokutana, anamtukania na mkewe. Leonard mwenye miguu ile, ana miaka 24, siku ya pambano akaamua kusimama amwonyeshe uanaume. Raundi 15 za kugongana kifua kwa kifua, pambano la Durán kabisa, akapoteza. Novemba mwaka huo huo wakarudiana. Safari hii Leonard anazunguka, anatoa ulimi, anazungusha mkono wa kulia kama anachota maji kisimani, Durán anautazama, kumbe jebu ya kushoto ndiyo inayokuja. Raundi ya nane Durán, mtu wa chuma, akageuka akakataa kuendelea.

Dogo hakusema kitu. Akaomba nirudishe. Akatazama tena ile ya Juni, si ya Novemba, akauliza, "Alijuaje kuwa ametiwa hasira? Mimi nikikasirika sijui kama nimekasirika."

Hilo swali sina jibu lake, ndiyo sababu ya barua hii. Leonard alikuwa na miezi mitano. Mimi nina wiki tano.

Sasa nakuomba, njoo. Sitaki umfundishe kitu na sitaki umpe siri. Nataka umkere. Chelewa mazoezi, mfanye asubiri amevaa glavu. Mwite mwanangu. Mkanyage mguu wa mbele, mshike kiwiko, mwegemee, mwingize paji chini ya kidevu. Ukimkumbatia muulize mama yake leo samaki kauza shilingi ngapi. Siku ya kwanza atakurukia, mwache. Ya pili atakurukia. Nataka ifike siku umwambie neno baya kuliko yote na jebu yake irudi usoni vile vile kama alivyokuwa. Mimi siwezi. Nimejaribu, nikimkanyaga ananiambia "samahani kocha". Vijana wa hapa wanamwogopa. Wewe umekaa na Mzee raundi ishirini, hakuna mwingine anayemjua kwa ngozi.

Siku kumi tu. Nauli natuma mimi, unalala kwangu chumba cha mbele, na shemeji mwambie ni kwa ajili ya mwanafunzi wa mwisho wa Mwalimu, hatakataa. Na usiniletee kisingizio cha foleni ya Mbagala, basi linaondoka alfajiri, barabara nyeupe.

Hebu nijibu haya, ukishindwa kuandika nipigie. Bega lako linakuruhusu, walau raundi nne kwa siku? Mzee bado anaangusha mkono wa kulia akimaliza kuongea, au alijirekebisha? Lile goti la kushoto limepona au anatembea nalo kwa fahari tu? Ilikuwa raundi ya ngapi alipoanza kukukumbatia sana, ya sita au ya saba? Je, ukikaa kimya akisema, anazidi kusema au anatulia? Na yule refa mrefu mnayesema huwa haachii watu wakumbatiane, ndiye atakayechezesha? Dada nimwambie nini, maana kila jioni anapita hapa kuniuliza kama tumeahirisha? Na kikohozi cha baba yako vipi, mlimpeleka hospitali?

Kondakta anarudi Dar Alhamisi. Nikisikia umepokea mfuko nitajua barua umeisoma.

Ni mimi, wa Magomeni