Watoto wetu wafundishwe kusoma miswada ya tenzi za kale

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Kila Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, tunasikia mengi juu ya Kiswahili kuvuka mipaka, na mimi nafurahi kama wengine. Ila tunakisahau Kiswahili kilichoandikwa kwa khati za Kiarabu, kabla herufi za Kilatini hazijashika pwani yetu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Wanafunzi wangu wanamjua Abushiri kutoka somo la historia, na kwamba Wajerumani walimnyonga Pangani Desemba 1889. Nikiwaambia kwamba Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa Tanga wa zama zile zile, aliisimulia vita ya Abushiri na Wajerumani beti kwa beti, wanashangaa. Na kabla yake kuna Mwengo bin Athumani wa Pate, ambaye Utenzi wake wa Tambuka ni wa mwaka 1728. Kuna pia Mwana Kupona, aliyemwandikia binti yake wasia mwaka 1858. Watoto wanadhani fasihi andishi yetu ilianza na vitabu vya shule.

Mwaka jana mtaani kwetu nyumba ya zamani ilivunjwa, na boksi la karatasi likawekwa nje pamoja na takataka. Nilipofika nusu yake ilikuwa imelowa mvua. Zilizosalia zilikuwa kurasa za utenzi, kila ubeti mstari mmoja wenye vipande vinne, na katikati ya vipande alama ndogo za wino mwekundu. Wenyewe waliniambia wao hawakuwa na mtu wa kuwasomea.

Na kuusoma mswada wa namna hiyo kunataka mtu aliyefundishwa. Kiarabu kina alama tatu za irabu, sisi tuna irabu tano, kwa hiyo ‘u’ na ‘o’ huandikwa sawa, na ‘i’ na ‘e’ vivyo hivyo. Waandishi wengi wa zamani waliandika ‘b’, ‘p’ na ‘mb’ kwa herufi ile ile moja. Pata, bata na mbata zinafanana kabisa kwenye karatasi. Msomaji anaongozwa na mizani nane (yaani silabi nane) za kila kipande, na vina, na kisa chenyewe. Anayejua Kiarabu peke yake hukwama, na anayejua Kiswahili peke yake hawezi hata kuanza.

Hapa ndipo ninapoumia. Dar es Salaam imejaa watoto wanaokwenda madrasa jioni wakasoma herufi hizo bila kusita, na asubuhi wakasoma ushairi wa Kiswahili darasani. Mambo yote mawili wanayo, lakini hakuna anayeyakutanisha! Vipindi vichache tu vya kidato cha tano vingetosha kuanzia. Na asiyekwenda madrasa ajifunze pia, kwani urithi huu ni wa kila anayesema lugha hii.

Wapo watakaosema tenzi hizi ni za Pate na Lamu, zina lahaja ngumu, sisi watu wa Mrima, pwani hii ya bara, zinatuhusu nini. Wakatazame magofu ya Kunduchi, hapa hapa jijini. Kuna makaburi ya nguzo yaliyopachikwa sahani za Kichina. Sasa, katika shairi la Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anaomboleza nyumba za matajiri wa Pate: madaka, vile vishubaka vya ukutani, yaliyokuwa na vyombo vya kaure yamekuwa viota vya ndege, na makinda ya popo yananing’inia juu. Bahari ile ile, biashara ile ile, na utajiri ule ule uliokwisha. Aliyesimama Kunduchi haelezwi tena ubeti ule.

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hazina ya miswada iliyokusanywa tangu miaka ya 1950 na 1960. Naomba wahusika watoe nakala za kurasa chache zilizo wazi, zifike kwa walimu tuzifundishie. Na familia za Kariakoo, Ilala, Bagamoyo na kwingineko zenye karatasi za mababu, msizifungie kwenye mifuko ya plastiki, zinashika unyevu na kuoza. Ziwekeni pakavu, zipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, nakala ipelekwe chuoni, na zenyewe zibaki kwenu.

Mwalimu wa Kiswahili,
Temeke, Dar es Salaam