Kamera za maegesho zikaguliwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Kuhusu taarifa yenu juu ya madai ya malipo ambayo kampuni binafsi za maegesho nchini Uingereza huwatumia madereva kwa barua, naomba kuongeza jambo moja. Kamera husoma namba za gari likiingia na likitoka. Dereva aliyefika dukani asubuhi akarudi tena jioni, kamera ikikosa kunasa alivyotoka mara ya kwanza, huhesabiwa kuwa ameegesha kutwa nzima.

Barua inayomfikia, ijapokuwa hutisha (na wengi hulipa kwa hofu tu), si faini ya serikali bali ni dai la mkataba. Asiharakishe kulipa: awasilishe pingamizi kwa kampuni hiyo pamoja na risiti zake, na likikataliwa akate rufaa kwa chombo huru kama POPLA (huduma ya rufaa za maegesho ya binafsi), ambacho hakimtozi ada. Kampuni nazo zilazimishwe kukagua picha zote za siku husika kabla ya kudai.

Msomaji wenu,
Leicester