Kaka, hilo neno "kwanza" ndo linanikera

Kaka shkamoo. Naona bado umeng'ang'ania pale pale, eti mambo ya rangi na jinsia yanawagawa wavuja jasho, tumalize la tabaka kwanza mengine yatajipa. Mi sibishi kwamba tabaka ndo mzizi, tatizo langu ni hio "kwanza", manake anayeambiwa asubiri huwa ni yule yule.

Chukua kesi ya General Motors, kampuni ya magari kule Marekani, 1976. Wanawake weusi watano waliishtaki kampuni, na kisa kilikuwa hivi: kabla ya 1964 ilikuwa haiajiri wanawake weusi, sa uchumi ulipoyumba miaka ya 70 mwanzoni wakapunguza watu kwa kufata ukongwe kazini, aliyeingia mwisho anatoka wa kwanza, wanawake weusi wote walioajiriwa baada ya 1970 wakapigwa chini. Na ujue hio kanuni ya ukongwe ni kitu ambacho vyama vya wafanyakazi vilikipigania kweli kweli, yaani ngao ya mfanyakazi ndo iliyowamaliza! Mahakama ikasema wanawake mbona wanaajiriwa (weupe hao), weusi nao wanaajiriwa (wanaume hao), ubaguzi uko wapi? Kimberlé Crenshaw, msomi wa sheria mweusi wa huko huko Marekani, akaja kuichambua kesi hiyo 1989. Sa pale nionyeshe tabaka linaishia wapi na utambulisho (hayo ya rangi na jinsia) unaanzia wapi, manake mi naona mtu kakosa mshahara basi.

Hata Marx wako, kwenye barua ya 1870, aliandika kwamba mfanyakazi wa Kiingereza anavyomchukia Muairishi ndo siri ya wafanyakazi wa Uingereza kukosa nguvu, na akataka ukombozi wa Ireland utangulie. Hakuwaambia Waairishi wasubiri, unaona?

Ila kuna sehemu niko na wewe kabisa. Wale wanawake weusi wa Combahee River Collective, Boston, waliozungumzia siasa za utambulisho kwenye tamko lao la 1977, humo humo walijitaja kuwa ni wajamaa. Leo kampuni inapachika sura mbili tatu tofauti kwenye bodi, mishahara ya wafagiaji iko vile vile, halafu tunaambiwa tupige makofi. Huo ni utapeli, na sio walichoandika wale kina dada.

Sa usinijibu kwa nadharia, nijibu hili tu: ungekuwa kiongozi wa chama pale General Motors, siku majina ya kupunguzwa yanasomwa, ungewaambia nini wale watano?