Kabla ya kikao chako, shoga yangu, soma habari za Fruitvale

Oakland, California

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Salamu zako zimenifikia, na mama namwombea afya kila siku. Sisi huku wazima, watoto wanasoma, shemeji yako anakusalimu sana.

Umeniuliza ninafanya kazi gani hasa na hawa Walatino, na kama ni kweli maskini wa Marekani analishwa na serikali. Papo hapo ukanieleza kwamba umewekwa kwenye kamati ya kuchagua wahudumu wa afya ngazi ya jamii huko Tanga. Nakujibu yote kwa mpigo mmoja, maana kwangu mimi hilo ni swali moja.

Mtaa ninaofanyia kazi unaitwa Fruitvale. Ukishuka kwenye treni unapokelewa na Kihispania. Wengi wametoka Mexico, Guatemala na El Salvador, na kazi zao ndizo zile ambazo Waswahili wa huku tunaita kubeba boksi: jikoni mikahawani, usafi wa nyumba za watu, ujenzi. Kodi ya nyumba inameza mshahara, kwa hiyo utakuta familia mbili zimebanana nyumba moja. Misaada ipo, tena ya kweli. Upo mpango unaoitwa WIC, wa mama mjamzito au aliyejifungua karibuni na mtoto ambaye hajatimiza miaka 5, wa kipato cha chini. Wanapata maziwa, mayai, maharage, matunda, pamoja na mtu wa kumwelekeza mama kunyonyesha. Hawaulizwi makaratasi ya uhamiaji. Shule za serikali hapa California zinampa kila mwanafunzi chai ya asubuhi na chakula cha mchana bure tangu 2022.

Hata haki ya mtoto kukaa darasani ilipiganiwa. Katika mji wa Tyler, Texas, shule ziliwadai watoto wasio na makaratasi dola 1,000 kwa mwaka kila mmoja. Wazazi, watu wanyonge waliokuwa wanaweza kukamatwa na kurudishwa kwao, walikwenda mahakamani hivyo hivyo. Mwaka 1982 mahakama ya juu kabisa ya nchi ikaamua kwamba mtoto hafungiwi mlango wa shule kwa sababu hiyo. Nawaheshimu sana wazazi wale.

Sasa ungedhani watu wanajaa kwenye ofisi za misaada. Wengi hawaji, na hapo ndipo kazi yangu inapoanzia.

Chukua nyumba ya kawaida ya huku: mtoto amezaliwa hapa, ni raia, chakula na matibabu ni haki yake. Mama yake hana makaratasi. Kwa mama huyo, kuandika jina na anwani kwenye fomu ya serikali ni kujipeleka mwenyewe kwa askari. Hofu hiyo haikutoka hewani. Mwaka 2019 serikali ilitoa kanuni kwamba mhamiaji aliyetumia baadhi ya misaada angeweza kunyimwa ukaaji wa kudumu. WIC haikuwemo kwenye kanuni ile, wala chakula cha shuleni, lakini watu walikimbia hata huko. Kina mama waliacha maziwa ya watoto wao! Kanuni ikaondolewa Machi 2021, ila tangazo la kuondoa hofu haliendi mbio kama tangazo la kuileta, na hata sasa siasa zikichacha tunaona viti vitupu.

Nani anaweza kumrudisha mama yule? Si bango, wala si mimi niliyekaa mezani na kompyuta. Anayemrudisha ni promotora. Hao ni kama wahudumu wenu wa afya: wanawake wa mtaani waliofundishwa mambo ya kisukari, shinikizo la damu, uzazi na chanjo, kisha wakarudi kwa majirani zao. Wanabisha hodi, wanakaa jikoni, wanaongea habari za watoto na bei ya vitu, na mwisho wanasema: nimejaza fomu hii mwenyewe, twende wote kesho. Nimeshuhudia mwanamke aliyekataa barua tatu za ofisi akija ameshikwa mkono na promotora kama dada yake.

Lipo na suala la lugha. Oakland ina Wamam wengi, wenyeji wa milima ya Guatemala wenye lugha yao wenyewe, Kimam. Kwenye fomu wanaandikwa Walatino, wanaletewa mkalimani wa Kihispania, wao wanaitikia kwa kichwa tu kwa adabu na kuondoka bila kujua dawa inanywewaje. Ni sawa na Wakongo wanaofika Marekani na kuletewa mkalimani wa Kiswahili wakati bibi wa watu anajua Kibembe chake tu. Usikubali kamati yenu ichague mtu wa Kata fulani kwa sababu ana cheti kizuri. Muulizeni anazungumza lugha gani na wazee.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote nilipolisoma ni hili. Vituo vya afya vya jamii vya huku, ambavyo mgonjwa analipa kulingana na kipato chake na vinahudumia watu zaidi ya milioni 30, vina asili ya Afrika. Kijana aliyekuwa anasomea udaktari, Jack Geiger, alikwenda Pholela, Natal, Afrika Kusini, mwishoni mwa miaka ya 1950, akawakuta Sidney na Emily Kark wakitibu watu kwa kuwafuata nyumbani, kuchimba vyoo na kulima mboga pamoja nao. Akaibeba elimu ile. Kuanzia mwaka 1965 akashirikiana na wenzake kuanzisha vituo Boston na Mississippi. Kule Mississippi waliwaandikia watoto wenye utapiamlo chakula kama dawa, na wakubwa walipolalamika, akawajibu kwamba anavyojua yeye dawa ya utapiamlo ni chakula. Kwa hiyo, shoga, akija mtaalamu kwenye kikao chenu akawaambia haya ni mambo ya Wazungu, mtajie Pholela.

Sasa ushauri wangu. Wamexico wana kitu wanaita tanda: kina mama wanachanga kila wiki na mmoja anapokea zote kwa zamu. Ni upatu wetu mtupu. Wengi wa wale promotora wazuri ninaowajua ni wale wale wanaoshika pesa za tanda. Mtaa ulishawapima zamani kwa kitu kigumu kuliko mtihani wowote, yaani pesa ya mwenzako. Kwa hiyo mkienda mtaani, waulizeni watu kijumbe wao ni nani. Jina likitajwa na nyumba nyingi, mwanamke huyo mwandikeni hata kama aliishia darasa la saba; mambo ya chanjo atafundishwa.

Na mlipeni. Hili nalisema kwa uchungu. Huku wanawake hawa walifanya kazi miaka na miaka kwa asante na fulana. California ilianza kulipia huduma zao kupitia bima ya watu wa kipato cha chini Julai 2022 tu. Mtu anayeacha genge lake asubuhi nzima kumpeleka mwenzake kliniki ana watoto wanaomsubiri ili wale, na akichoka akaacha, hamtapata wa kuziba nafasi yake. Posho hiyo iingizwe kwenye bajeti ya halmashauri kabisa, isingoje mfadhili.

Niandikie kikao ni lini, na mnipigie picha ya fomu mnayotumia kuwahoji waombaji. Ukinitumia kabla ya Jumapili nitaipitia na mmoja wa promotora wetu, nikupigie usiku wa huku, ambao kwako itakuwa asubuhi. Mama mpe mkono wangu, na Rehema mwambie kitabu chake nimekipata.

Wako akupendaye,
Shoga yako