Jina la Baba liko juu kulia

Norwich, Jumapili usiku

Da' Neema, shikamoo.

Mama mfikishie shikamoo yangu kabla hujaendelea, halafu ile sehemu ya Baba mdogo iruke ukimsomea. Utaijua ukiifikia.

Kwanza hela. Jana nimetuma laki mbili kwenye namba yako, siyo ya Beni. Ni za dawa za Mama na luku. Za kinanda cha kwaya sijatuma na sitatuma. Mtu anafuta jina la kaka yake marehemu kwenye wimbo, halafu anamtaka mtoto wa huyo marehemu achangie kinanda! Ile video ya wimbo wa Baba nimeiangalia mara nne, dada. "Mtunzi", kisha jina la Baba mdogo, tena kwa rangi ya dhahabu. Yeye aliongeza nini? Alirekebisha sauti ya tatu kwenye ubeti wa mwisho, basi. Mimi ndiye niliyemshikia Baba taa pale sebuleni Mtoni umeme ulipokatika, anaandika d r m zake, yaani do, re, mi, fa, so, la, ti kwa herufi za mwanzo, kwenye kaunta buku huku anapiga mapigo mezani kwa kidole.

Sasa sikiliza nilichofanya. Zile picha za kaunta buku ulizonitumia ninazihamishia kwenye kompyuta, kwa nota za mistari mitano. Tayari nyimbo tatu. Mimi huyu huyu, niliyefukuzwa mazoezini kwa kuvuruga sauti ya nne, ile nzito ya chini! Programu inaitwa MuseScore. Ni ya bure kabisa. Aliyeianzisha ni Mjerumani mmoja, Werner Schweer, mwaka 2002, na anayetaka anaruhusiwa kufungua hata kuona ilivyoundwa ndani. Mwambie Beni aiweke kwenye laptopu, aache magemu.

Mwanzo ulinitoa jasho. Nilibonyeza kila mahali na hakuna nota iliyokaa, kumbe lazima kwanza ubonyeze N, ndipo karatasi ikubali kuandikwa. Namba 5 ni pigo zima, 4 ni nusu yake, 6 ni mapigo mawili, kisha unagonga herufi ya nota. Wimbo wa Baba do yake ni G, kwa hiyo s inakuwa D, m inakuwa B, na mimi nilikuwa nimechora jedwali nyuma ya bahasha. Nikaandika kurasa mbili, nikasikiliza, kila penye t, ambayo hapa ni F iliyopanda nusu sauti, wimbo unateleza kama mtu anayeimba ana mafua. Nilikuwa sijaweka ile alama ya ufunguo mwanzoni. Ukishaiweka, ukigonga F yenyewe inapanda nusu sauti bila kuulizwa.

Na kipimo, kile chumba cha mapigo kati ya mistari miwili ya wima, hakidanganyiki. Cha mapigo manne ukikisukumia la tano, linamwagikia kipimo cha mbele, limefungwa kamba na mwenzake. Ukipunguza, programu inajaza ukimya. Ndivyo nilivyogundua kwamba Baba, Mungu amrehemu, ukurasa wa 9 alikosea hesabu kwenye mstari wa sauti ya pili. Usimwambie mtu.

Maneno nayo ni kazi ya pekee. Kila silabi unaifuata na kistari ili uruke nota ya mbele: m-fa-l-me. Ile m peke yake ina nota yake na ile l ina yake, Mzungu angezimeza zote. Tena penye "na u-" ambapo Baba amebana silabi mbili kwenye nota moja, nimehangaika siku nzima. Kumbe ni kubonyeza Ctrl pamoja na kitufe cha nafasi.

Kilichonichekesha ni hiki. Nota ikitoka nje ya upeo ambao programu imeiwekea sauti hiyo, inageuka nyekundu. Sauti ya nne ya Baba yote chini huko ikawa nyekundu kama pilipili! Nikadhani nimekosea, nikarudi kwenye picha, hapana, ndivyo alivyoandika. Alikuwa anamtungia Mzee Kulwa. Programu haimjui Mzee Kulwa. Nimeziacha.

Halafu kuna jambo la hapa mjini ambalo lingemfurahisha Baba. Hizi d r m tunazoimbia Mbagala chimbuko lake ni hapa Norwich. Kuna kanisa la zamani, St Laurence, nalipita nikitoka zamu. Baba yake Sarah Glover alikuwa mchungaji hapo, na huyo dada ndiye aliyebuni namna ya kufundisha kuimba kwa herufi ili watoto waweze. Kitabu chake kilitoka mwaka 1835. Baadaye mchungaji mmoja, John Curwen, akaichukua, akaibadilisha, ikaenea na wamisionari hadi kwetu, na jina linalotajwa mara nyingi ni la Curwen. Angalau Curwen alikiri alikoitoa. Baba mdogo hata hilo limemshinda.

Kwa hiyo kwenye kila ukurasa, juu kulia, panapokaa jina la mtunzi, nimeandika jina la Baba. Chini yake, kwa herufi ndogo, "Sauti ya tatu, ubeti wa mwisho:" na jina la Baba mdogo. Haki yake nimempa, asije akasema. PDF nimeitupia WhatsApp. Kachapishe nakala ishirini pale stendi, umpe mwalimu wa kwaya mkononi. Siyo mwenyekiti. Na ile sauti niliyotuma, Mama asishangae kwamba hakuna maneno, waimbaji wa programu wanaimba "aaa" tu.

Kazi ipo, afya ipo, baridi ndiyo hiyo. Mihogo ya pale kituoni nimeiota juzi, na kachumbari yake.

Dada, nimebakiwa na ukurasa wa 14. Ile kona iliyomwagikiwa chai, vipimo vinne vya mwisho havisomeki kabisa, hata nikikuza picha. Nimeviacha vitupu, programu imeweka ukimya. Mama alikuwa sauti ya pili, wewe uliimba ya kwanza. Watoto wakilala, mkae barazani mniimbie hivyo vipimo vinne kwenye simu, polepole, kila mmoja peke yake, kisha pamoja. Mkikosea msifute, nitumieni hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Elia